Miji Inayokula Migomba

Msafiri atokaye Bukoba kwenda Muleba huona jambo ambalo baba yake hakuliona. Zamani nyumba zilijificha ndani ya migomba, hata mgeni akadhani anapita katika msitu usio na wenyewe, mpaka aone moshi ukipenya katikati ya majani. Siku hizi migomba ndiyo inayojificha nyuma ya nyumba. Kila baada ya hatua chache kuna ukuta wa matofali, lango la chuma, na ndani yake nyumba moja ya chini iliyokaa peke yake katikati ya eneo ambalo lingetosha familia nane. Nyuma ya ukuta yamebaki mashina matano au sita ya mgomba, yaliyoachwa kwa ajili ya kivuli. Hayo ndiyo mabaki ya shamba lililokuwa likilisha ukoo mzima.

Jambo hili huitwa maendeleo. Halmashauri hulisifu kwa kuhesabu viwanja vilivyopimwa, na mwenye kiwanja hulisifu kwa kuwaalika wenzake waje waone. Hakuna anayeuliza kilichokuwapo mahali hapo kabla ya mawe ya mpaka kusimikwa, wala mtoto wa yule aliyeuza atalima wapi.

Wasomaji wengi wa nje ya Kagera hawajui vizuri maana ya kibanja, na kwa kuwa maofisa wengi wanaopangwa kufanya kazi Bukoba na Muleba hutoka mikoa mingine, inafaa jambo hili lielezwe. Kibanja si shamba kama mashamba mengine. Ardhi ya asili ya Buhaya, ile ya rweya, ni ya nyasi, yenye mawe na rutuba haba. Kibanja kimetengenezwa kwa mikono. Vizazi kwa vizazi watu walikata nyasi za rweya wakazitandaza chini ya migomba, wakabeba samadi ya ng’ombe na majivu ya jikoni, wakapanda mibuni chini ya kivuli cha migomba na maharage chini ya mibuni. Udongo mweusi unaoonekana leo Kishanda, Kamachumu au Nshamba ni jasho lililolundikana. Ndani ya kibanja hichohicho wamelala wazee waliokitengeneza. Mthamini anapokuja na daftari lake huhesabu mashina. Hahesabu miaka ya samadi. Fidia ikishalipwa na udongo ukishafunikwa kwa saruji, hakuna fedha inayoweza kuutengeneza udongo ule mahali pengine katika maisha ya mtu mmoja.

Ndiyo sababu hata Operesheni ya Vijiji ya mwaka 1974, iliyowahamisha mamilioni ya watu nchini, ilipita kwa namna nyingine katika Mkoa wa Ziwa Magharibi, kama Kagera ilivyoitwa wakati huo. Wananchi wengi waliandikishwa kuwa wanakijiji palepale walipokuwa, kwa kuwa viongozi walitambua kwamba mibuni na migomba havihamishwi. Ajabu ni kwamba kilichoepukwa na operesheni sasa kinatendwa na soko la viwanja, kimyakimya, kiwanja baada ya kiwanja, bila azimio lolote na bila mkutano wowote.

Na watu wanaongezeka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Kagera watu 2,458,023. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu 2,989,299. Hilo ni ongezeko la zaidi ya nusu milioni katika miaka 10, na Wilaya ya Muleba peke yake ilikwisha kupita 600,000. Katika nchi nzima, waliokuwa wakiishi mijini mwaka 2012 walikuwa chini ya 30 katika kila watu 100. Mwaka 2022 walikaribia 35. Kibanja cha kawaida cha kaya moja aghalabu hakifiki hekta moja, na kila baba akifa hugawanywa tena. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba, ulioonekana wilayani Muleba mwaka 2006, uliwafundisha wananchi jinsi njaa inavyoweza kuingia katika nchi ya ndizi. Katika hali kama hiyo, kuutandaza mji juu ya vibanja ni kosa ambalo haliwezi kutetewa kwa neno “maendeleo”.

Lakini hapana budi kuuliza kwa nini miji inatandaa. Wapo wanaojibu haraka kwamba Mhaya anapenda kukaa mbali na jirani yake. Jibu hilo ni la kivivu. Mtu hujenga kwa namna ambayo sheria na kodi zimemfundisha, na sheria na kodi za Tanzania zimemfundisha kwa muda mrefu kujenga kwa mtawanyiko.

Mafunzo hayo yalianza chini ya Wajerumani. Amri zao za ujenzi, ile ya mwaka 1891 na ile ya mwaka 1914, ziliugawa mji wa Dar es Salaam kwa aina ya nyumba. Sehemu moja iliruhusu nyumba za Kizungu tu, sehemu nyingine nyumba za mawe, na sehemu ya tatu vibanda vya “wenyeji”. Haikutajwa rangi ya mtu. Ilitajwa aina ya ukuta, na ukuta ukatenda kazi ya rangi. Waingereza waliyarithi mawazo hayo na kuyakamilisha. Uzunguni kukawa na viwanja vipana, bustani na upepo wa bahari. Uhindini kukawa na maduka yaliyoshikamana. Uswahilini, yaani Kariakoo na Ilala, watu wakarundikwa. Mnazi Mmoja paliachwa wazi ili pawe mpaka kati ya Mwafrika na wengine.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, majina hayo ya aibu yaliondolewa. Badala yake wapangaji wa miji wakaleta maneno matatu safi: ujazo wa chini, ujazo wa kati na ujazo wa juu. Rangi ilitoka, mifupa ikabaki. Kwa miaka mingi viwango rasmi vilihesabu kiwanja cha ujazo wa juu kuwa cha mita za mraba 400 hadi 800, na cha ujazo wa chini kuwa cha mita za mraba 1,601 hadi 4,000. Tazama vizuri jambo hili. Kile kilichoitwa msongamano, yaani kiwanja cha mnyonge, kilikuwa cha mita za mraba 400, ambazo katika miji mingi ya dunia zingebeba jengo la familia kumi na mbili. Na kile cha bwana mkubwa kiliweza kufika karibu nusu hekta, yaani kibanja kizima cha kaya ya Kishanda, apewe mtu mmoja apande maua.

Hata jitihada njema ziliufuata mkondo huo. Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza Dar es Salaam mwaka 2002 ulikuwa na nia ya kuzuia ujenzi holela, na ulipima viwanja vingi kuliko idadi iliyo katika jina lake. Lakini ulivipima pembezoni: Bunju, Mbweni, Kibada, Toangoma, Buyuni. Wenye uwezo walinunua, wengine wawili wawili na watatu watatu, na viwanja vingi vikakaa miaka bila jengo huku nyasi zikiota. Maskini aliendelea kupanga chumba Manzese. Jiji likawa refu, na mfanyakazi akaanza kuamka saa kumi alfajiri ili awahi kazini.

Bukoba na Muleba zinafuata njia hiyohiyo kwa hatua fupi. Hesabu yake ni rahisi, na mwalimu yeyote wa darasa la sita anaweza kuwapa wanafunzi wake kama zoezi. Chukua nyumba 100, hamsini upande huu wa barabara na hamsini upande ule. Kama kila kiwanja ni mita 20 kwa 20, barabara hiyo, bomba lake la maji, nyaya zake za umeme na mtaro wake wa maji ya mvua vitakuwa na urefu wa mita 1,000. Kama kila kiwanja ni mita 40 kwa 40, vyote hivyo vitakuwa na urefu wa mita 2,000. Walipa kodi ni walewale 100. Gharama ni mara mbili. Ardhi yenyewe, bila kuhesabu barabara, ni hekta 4 katika mpango wa kwanza na hekta 16 katika wa pili. Tofauti ni hekta 12. Mgomba ukipandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, hekta moja hubeba mashina kama 1,100. Kwa hiyo nyumba 100 zilizopangwa kwa anasa humeza mashina zaidi ya 13,000 ambayo hayakuwa na sababu ya kukatwa. Na hapo hazijapangwa juu kwa juu. Nyumba hizohizo 100 zikijengwa kwa ghorofa moja au mbili, hata zile hekta 4 hazitahitajika zote.

Hapo ndipo inapofaa kutazama kodi. Mwaka 2021 kodi ya majengo ilianza kukatwa katika ununuzi wa umeme. Sheria ya mwaka ule iliweka shilingi 12,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, na kwa majengo ya ghorofa yaliyo katika majiji, manispaa na miji iliweka shilingi 60,000 kwa kila ghorofa. Mwaka 2023 viwango vilipandishwa kuwa shilingi 18,000 na shilingi 90,000. Viwango vilibadilika, uwiano haukubadilika: ghorofa ilitozwa mara tano ya nyumba ya chini.

Maana yake ni nini kwa Manispaa ya Bukoba? Mtu aliyejenga nyumba ya chini yenye vyumba kumi, akaizungushia ukuta na kumeza mita za mraba 1,600 za ardhi ya migomba, alitozwa mwaka 2021 shilingi 12,000. Watu watatu waliochangishana wakajenga jengo la ghorofa tatu juu ya mita za mraba 400, kila familia na ghorofa yake, walitozwa shilingi 180,000. Aliyemeza ardhi alitozwa kidogo; walioihifadhi walitozwa mara kumi na tano. Kama kuna mtu aliyekaa akafikiri namna ya kuwaadhibu wanaoishi kwa kubanana na kuwatuza wanaotapanya, asingeweza kutunga kanuni bora kuliko hiyo.

Waliotunga kanuni hiyo hawakuwa na nia mbaya. Walidhani kwamba ghorofa ni dalili ya utajiri, na tajiri ni haki alipe zaidi. Wazo hilo lilikuwa na ukweli zama ambazo ghorofa ilikuwa duka la mfanyabiashara mkubwa. Sivyo ilivyo siku zote. Mwaka 2022 zilifunguliwa nyumba za Magomeni Kota, Dar es Salaam, kwa ajili ya familia 644 zilizokuwa wapangaji wa zamani wa mahali pale. Je, hao ni mabwanyenye kwa kuwa wanapanda ngazi? Walimu wa sekondari waliojengewa zile nyumba za familia sita katika jengo moja nao wamekuwa makabaila? Utajiri wa nyumba haupimwi kwa ngazi. Hupimwa kwa ukubwa wa ardhi iliyokaliwa na idadi ya watu wanaoikalia.

Liko na jambo jingine ambalo lapasa lisemwe ingawa si kiini cha hoja hii. Kwa kuwa kodi ilikatwa katika umeme, aliyenunua umeme ndiye aliyelipa. Mara nyingi huyo ni mpangaji. Mwalimu aliyepanga ghorofani Bilele au Miembeni alijikuta akimlipia mwenye nyumba kodi ya mali asiyoimiliki, na akimlipia kwa kiwango cha ghorofa. Kurudishiwa fedha hizo na mwenye nyumba ni habari nyingine, na kila mpangaji anajua mwisho wake.

Basi lipi litendeke? Mataifa mengine yamejaribu njia ya motisha: badala ya kumkemea mjenzi, sheria humwambia kwamba akijenga kwa kubana ardhi na akatoa kitu fulani kwa umma, ataruhusiwa kuongeza ghorofa au atapunguziwa ada. Njia hiyo ni nzuri, lakini ina mtego, na mtego huo hauna budi kutazamwa mapema kabla wajanja hawajautumia.

Mji wa New York ulitunga kanuni ya namna hiyo mwaka 1961. Mjenzi wa jengo refu aliyeacha uwanja wazi kwa ajili ya wapita njia aliruhusiwa kuongeza sakafu ndani ya jengo lake. Katika sehemu zenye majengo marefu zaidi, mita moja ya mraba ya uwanja ilimpatia mita 10 za sakafu. Makampuni yalishangilia. Yalijenga, yakapata sakafu zao, zikapangishwa kwa fedha nyingi. Na viwanja? Vingi vilikuwa yadi tupu za saruji zisizo na benchi wala mti, vingine vikiwa na vyuma vya kuzuia watu wasikae. Umma ulitoa dhahabu ukapokea kokoto, na baadaye ilibidi sheria irekebishwe ili itaje mpaka idadi ya viti.

Tanzania ina funzo lake lenyewe, tena la uchungu zaidi. Kariakoo ilifunguliwa milango ya ghorofa, na nyumba za Kiswahili zenye ua na baraza zikapisha majengo marefu. Hilo lenyewe si kosa. Ardhi ya katikati ya jiji haifai kukaa na nyumba za chini milele. Lakini ruhusa ilipotolewa bila macho ya mkaguzi, kilifuata nini? Machi 29, 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka likaua watu zaidi ya 30. Novemba 16, 2024 jengo jingine likaporomoka Kariakoo kwenyewe, likafukia wafanyabiashara na wateja wao. Ghorofa inayoongezwa kwa hongo ni kaburi linalopangishwa.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya motisha yoyote iwe hii: ruhusa ya kujenga juu ni mali ya umma. Ardhi ya Tanzania ni ya wananchi wote chini ya udhamini wa Rais; ndivyo isemavyo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Na kama ardhi ni ya umma, thamani inayozaliwa na kalamu ya halmashauri inapoandika “ghorofa nne” badala ya “ghorofa mbili” ni ya umma pia. Isitolewe bure, wala isiuzwe chini ya meza. Itolewe kwa kitu kinachoonekana kwa macho: vyumba kadhaa vya kupangishwa kwa walimu na wauguzi kwa kodi iliyoandikwa katika mkataba, mtaro wa maji uliojengwa mpaka kwenye mkondo mkuu, njia ya wapita kwa miguu katikati ya jengo, tangi la maji ya mvua la mtaa mzima. Na kila ruhusa ibandikwe katika ofisi ya kata, ikitaja nani amepewa nini na ametoa nini. Halmashauri isiyotaka kubandika karatasi hiyo itakuwa imekwisha kujieleza.

Watasimama wapinzani. Wa kwanza atataja tetemeko, na ana haki ya kusikilizwa. Septemba 10, 2016 ardhi ya Kagera ilitikisika kwa kipimo cha 5.9, watu wasiopungua 17 walikufa, maelfu ya nyumba zikabomoka au kupasuka, na shule kongwe za Ihungo na Nyakato zikaharibika vibaya. Atauliza: katika nchi kama hiyo mtu atashauriwaje kujenga juu? Lakini atazame ni nyumba zipi zilizoanguka. Nyingi zilikuwa nyumba za chini, za matofali ya udongo au ya kuchoma yaliyounganishwa kwa tope, bila mkanda wa zege, na zilikuwa zimetawanyika, kila mtu na fundi wake. Kilichoua ni ujenzi dhaifu, urefu haukuhusika. Familia moja haiwezi kumwajiri mhandisi. Familia sita zinazojenga jengo moja zinaweza. Wala hakuna anayedai minara ya ghorofa ishirini kando ya ziwa. Ghorofa moja, mbili au tatu, zenye nguzo na mikanda iliyokaguliwa, zinatosha kabisa kwa miji ya ukubwa huu.

Wa pili atasema kwamba kubanana huleta uchafu na maradhi, naye atanyosha kidole Kashai, ambako Mto Kanoni ukijaa maji huingia majumbani. Huyu anachanganya mambo mawili. Msongamano ni watu wengi mahali pasipo na mtaro, choo wala njia. Ujazo uliopangwa ni watu wengi mahali penye vyote hivyo. Kashai haikuteseka kwa kuwa nyumba zake ziko karibukaribu. Iliteseka kwa kuwa zilitangulia mtaro, na kwa kuwa bonde la mto lilikaliwa na watu ambao viwanja vya mlimani vilikuwa vipana mno na ghali mno kwao. Nyanda pana za wachache ndizo zinazosukuma wengi bondeni.

Wa tatu ni mwenye busara kuliko hao wawili. Atauliza kama miji haiwezi kwenda kwenye rweya, mahali pasipo na migomba. Hilo ni wazo jema, na mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji ingepasa kulitangulizia: jengo lende kwenye mawe, jembe libaki kwenye udongo mweusi. Hata hivyo rweya nayo si ardhi tupu. Ndiko zitokako nyasi za kutandaza, ndiko wanakochungia wenye ng’ombe wa samadi, ndiko iliko miti. Mji uliotawanyika utaimaliza rweya kama unavyomaliza vibanja, ila utachukua miaka michache zaidi. Bila kubana, kuhamisha mji ni kuhamisha tatizo.

Katika Wilaya ya Muleba jambo hili lina sura yake. Mji wa Muleba bado mdogo, na Nshamba, Kamachumu na Muhutwe ni magulio yanayogeuka kuwa miji. Kishanda ni ya vijiji. Hapo hakuna haja ya kungoja mpaka makosa ya Dar es Salaam yarudiwe ndipo mpangaji aje na ramani. Kwa gharama ndogo sana, halmashauri inaweza kuchora mstari kuzunguka kila gulio na kutamka kwamba ndani ya mstari, anayejenga duka chini na makazi juu atapata kibali kwa ada ndogo, na maji na umeme vitamfikia yeye kwanza. Na nje ya mstari, kibanja hakitapimwa kuwa viwanja vya makazi maadamu ndani kungali na nafasi. Viwanja vilivyopimwa na kukaa bila jengo mwaka hadi mwaka vitozwe zaidi, au virudi kwa umma kama masharti ya hati yanavyoruhusu. Mwenye kibanja akitaka kujenga nyumba ya mwanawe palepale, ajenge. Desturi hiyo haikuumiza mtu. Linalokatazwa ni kugeuza kibanja kuwa bidhaa ya watu wa mbali.

Suala la nani anauza nalo linahitaji uangalifu. Ardhi ya ukoo katika Buhaya ilikuwa haiuzwi bila ndugu kukubali, na mara nyingi mwanamke hakuhesabiwa. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mwanamke aliyerithi ardhi kwa baba yake katika mkoa huu ana haki ya kuiuza sawa na mwanamume. Uamuzi ule ulikuwa wa haki na asiwepo wa kuurudisha nyuma kwa kisingizio cha kulinda vibanja. Iko njia nyingine ya kumfaa mjane au binti anayehitaji fedha. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Jengo, Na. 16 ya 2008, inaruhusu watu kadhaa kumiliki jengo moja, kila mmoja kwa hati yake. Mwenye eneo ndani ya mstari wa gulio anaweza kulitoa ardhi, mwenzake akatoa saruji, na kila mmoja akabaki na sehemu yake ya jengo kwa hati kamili. Hapo hauzi, haondoki, wala hafukuzwi na mashemeji. Sheria ipo tangu mwaka huo. Huko vijijini ni wangapi wamewahi kuisikia? Maofisa ardhi huijua sheria ya kupima viwanja kwa moyo, lakini hii nyingine hukaa kabatini.

Na hapa hapana budi kumgeukia mtumishi wa serikali mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye anayesoma ukurasa huu. Nani hununua viwanja vya ujazo wa chini Bukoba? Si mvuvi wa Kemondo, wala mkulima wa kahawa anayengoja malipo ya chama cha ushirika. Ni ofisa aliyekaribia kustaafu, ni mwalimu mkuu aliyekopa, ni mkuu wa idara aliyepata habari za upimaji kabla ya tangazo. Huyo ndiye anayetaka mita 1,600, na akizipata huzungusha ukuta, kisha hulalamika kwamba barabara ya mtaani ni mbovu na maji hayafiki. Kasumba ya Uzunguni haikuondoka na Mzungu. Ilibadilisha suruali tu. Hakuna halmashauri itakayopitisha ada kubwa kwa viwanja vipana maadamu wakuu wa idara na madiwani wengi ndio wenye viwanja hivyo. Ukweli huo hausemwi katika vikao, na kwa kuwa hausemwi, kila kikao huishia kuagiza viwanja zaidi vipimwe.

Viwango vya kodi ya majengo hupangwa na Bunge, si na Bukoba. Kwa hiyo wabunge wa Kagera wana kazi ya kufanya Dodoma katika kikao cha bajeti, nayo ni kutaka ghorofa ihesabiwe kwa ardhi iliyokaliwa na idadi ya kaya, badala ya kutozwa mara tano kwa kosa la kuwa na ngazi. Lakini ada za vibali vya ujenzi, masharti ya mchoro wa mji, mstari wa gulio na karatasi ya ofisi ya kata ni mambo ya halmashauri zenyewe. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 imezipa mamlaka hayo. Baraza la madiwani likiketi, ofisa mipango anaweza kuweka mezani rasimu yenye kurasa tatu, pamoja na orodha ya viwanja vyote vya zaidi ya mita za mraba 1,000 vilivyogawiwa katika miaka 10 iliyopita na majina ya waliogawiwa. Orodha hiyo isomwe kwanza.